Mjadala: Ukiruuti simu yako, waranti yote ife?

MLETA MADA
Wakuu, hili tulijadili bila matusi. Mtu kanunua simu mpya, waranti miezi 12. Mwezi wa nne akairuuti, yaani akaondoa kufuli la kiwandani, akafuta programu zisizofutika na kuweka toleo jipya la Android ambalo kampuni haikumletea. Simu ikapiga kazi vizuri tu. Mwezi wa saba tundu la chaji likalegea, mpaka aushikilie waya kwa kidole ndipo chaji iingie. Akaenda kituo cha huduma. Fundi kaiwasha kwa kubana vitufe, kasoma mstari mmoja kwenye skrini, kamrudishia: "Hii umeichezea, waranti hamna."

Tundu la chaji na programu wapi na wapi?

Kwa wasiojua, simu nyingi za Samsung Galaxy tangu Note 3 ya mwaka 2013 zina fyuzi ya kielektroniki ya Knox, mfumo wa ulinzi wa Samsung. Ukiingiza programu ya mfumo isiyo na saini ya kampuni, fyuzi inaungua na alama ya 0x0 kwenye skrini inakuwa 0x1. Hairudi, hata ukirejesha programu ya kiwandani. Samsung Pay ya kulipia inakufa, Secure Folder ya kufichia mafaili nayo inakufa. Kwa hilo sina ugomvi, ni ulinzi wa hela na siri za watu. Ninachopinga ni hiyo 1 kugeuzwa hukumu ya kila ubovu utakaotokea.

MUUZA SIMU
Mkuu, unamtetea mteja mstaarabu. Njoo usimame kaunta siku moja. Kuna anayeongeza kasi ya prosesa kupita ya kiwandani ili gemu iteleze, simu inachemka, betri inavimba hadi kioo kinanyanyuka pembeni. Anakuja anaapa hajagusa kitu. Mwingine kafunguliwa na fundi wa mtaani kwa hita, gundi ya kuzuia maji imeisha kazi, wiki mbili baadaye ndani kumelowa. Nimlipie? Kumchunguza kila mmoja ni gharama, na gharama hiyo utailipa wewe usiyeruuti, maana itaingia kwenye bei.

MLETA MADA
Wa betri abebe mzigo wake, huyo simtetei. Wa maji vilevile. Lakini umeona ulivyofanya? Umetaja alichobadilisha, ukaonyesha kilivyoharibu. Hicho ndicho ninachodai kwa wote! Fundi aliyepata muda wa kusoma fyuzi anashindwaje kumulika tundu la chaji?

Wenzetu Marekani wana sheria ya Magnuson-Moss tangu 1975: mtengenezaji haruhusiwi kufunga waranti kwa sharti la kutumia vipuri vyake au mafundi wake, isipokuwa anavitoa bure. Akidai kipuri cha nje ndicho kilichoharibu, athibitishe yeye. Aprili 2018 tume yao ya biashara, FTC, ilizipa onyo kampuni 6, zikiwemo Sony, Microsoft na Nintendo, kwa masharti ya namna hiyo, pamoja na zile stika za "ukibandua, waranti imekufa". Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya kuruuti, najua, ila mzigo wa ushahidi imeuweka panapostahili.

Na hoja ya bei siinunui. Wangapi mtaani wanaruuti simu siku hizi? Programu nyingi za benki zikigundua simu imeruutiwa zinagoma kufunguka, na hilo peke yake limewakimbiza wengi.

MCHANGIAJI, MOMBASA
Nyote mwaruka jambo. Huku kwetu Katiba ya 2010, Ibara ya 46, yampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili aifaidi hiyo bidhaa kikamilifu. Sasa mimi ile karatasi ya waranti niliikuta ndani ya boksi lililofungwa nailoni, pesa nishalipa. Maandishi yenyewe madogo kama ya chupa ya dawa. Hayo masharti nilikubaliana nayo lini? Muuza simu, hebu nijibu hilo kwanza.