Naombeni ushauri: kampuni yetu ya mikopo Moshi inajitenga na kampuni mama, ninunue hisa?

Mrina_Afisa: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni afisa mikopo hapa Moshi, kampuni ya daraja la pili, yaani tunakopesha tu, hatupokei amana. Kampuni mama ya Dar inajitoa. Matawi ya Moshi, Himo na Arusha yanakuwa kampuni inayojitegemea, jina jipya, bodi mpya. Wafanyakazi tumeruhusiwa kununua hisa na fomu zinarudishwa mwisho wa mwezi. Nina milioni 12 za kumalizia nyumba. Karatasi waliyotupa inaonyesha faida miaka mitatu mfululizo, ila kuna kurasa nzima za hatari zilizoandikwa kisheria mno. Mke wangu anasema tupaue kwanza. Niangalie nini?

MhasibuMstaafu: Kijana, hiyo faida mmeipata mkiwa nyumbani kwa baba. Mfumo wa kompyuta, mkaguzi wa hesabu, mwanasheria, nani alikuwa analipa? Kama ni Dar, tawi lenu limeonekana na faida ambayo si yake yote. Omba hesabu zilizopangwa upya, kana kwamba mlijitegemea tangu mwanzo. Wakikuambia hazipo, usijaze fomu.

Dada_Kibosho: Mimi ningeanzia kwenye mtaji. Kwa kuwa hampokei amana, pesa mnayokopesha mnaikopa benki. Nani kaidhamini? Dhamana ikiondoka, benki itapandisha riba au itadai chake chote. Na nyie hamwezi kumpandishia mteja, BoT, yaani Benki Kuu, imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa daraja lenu. Mtabanwa huku na huku.

Mrina_Afisa: Dada, nimerudi kusoma. Dhamana ya kampuni mama inakoma miezi 18 baada ya kutengana. Imeandikwa mistari miwili tu, ukurasa wa mwisho kabisa.

Dada_Kibosho: Basi swali lako ndilo hilo. Mwezi wa 19 mtakopa wapi, na kwa riba gani?

Tengeru_Juu: Kutengana kunagharimu sana, wakuu. Barclays, benki ya Uingereza, walipopunguza hisa zao kwenye kundi lao la benki za Afrika mwaka 2017 walilipa pauni milioni 765 kugharamia utengano. Kundi hilo likaitwa Absa mwaka 2018, na benki ya hapa Tanzania ikabadili jina Februari 2020. Walikuwa na muda wa mpito wa kutumia jina na mifumo ya zamani. Nyie mmepewa muda gani? Taarifa za wakopaji zikibaki Dar mfumo ukazimwa, mtamdai nani? Halafu leseni itakuwa kwa jina la nani? BoT wana tawi Arusha, nenda ukaulize.

Mangi_wa_Himo: Mrina, wateja wanasemaje? Kwenye mikopo midogo uvumi unaua haraka kuliko riba. Mtu akisikia "wale wanafunga", anasimamisha marejesho siku hiyo hiyo.

Mrina_Afisa: Kaka, umegusa penyewe. Wiki hii mama mmoja wa Mbuyuni, mlipaji mzuri, kaniuliza mnafunga lini. Na wengi wa wakopaji wangu ni wapagazi na waongoza watalii.

Mangi_wa_Himo: Hapo pazito. Masika tu wanayumba, na 2020 wageni walipokata wote tuliona. Kampuni mama ingeweza kubeba miezi mibaya. Kampuni changa itaibeba kwa mtaji wenu.

Neema_Sakina: Mimi siipingi kampuni, huenda ikasimama vizuri tu. Ila hizo hisa haziko soko la hisa. Mtoto akiugua utamuuzia nani? Na mshahara wako unatoka hapo hapo, ikitetereka unapoteza vyote viwili. Kama roho inakuvuta, weka milioni 2, paueni nyumba.

Mrina_Afisa: Nashukuruni sana. Alhamisi tuna kikao na uongozi. Nitaomba hesabu zilizopangwa upya, barua ya benki kuhusu mkopo baada ya dhamana kuisha, na mkataba wa mfumo. Nitawaletea mrejesho.

MhasibuMstaafu: Hiyo barua iwe na muhuri wa benki. Usikubali maneno ya mdomo.