Mashia ni "Wakatoliki wa Uislamu"? Mfano huu una ukweli?

Mlutheri_wa_Machame
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kwenye semina mwenzetu alisema Mashia ni kama Wakatoliki, kwa kuwa wana viongozi wa ngazi na wanazuru makaburi ya watakatifu wao, halafu Masuni ni kama sisi Waprotestanti. Waislamu waliokuwepo wakacheka tu, sikuelewa wanacheka nini. Mgawanyiko wao unafanana na upi hasa? Matusi hapana, nataka kuelewa.

BiMkubwa_Ngambo
Mwanangu, hata mimi ningecheka. Nimesomesha historia sekondari hapa Unguja mpaka nikastaafu, na mfano huo nimeusikia kwa sura zote.

Luther mwaka 1517 alilikuta kanisa limesimama karne nyingi, akaligomea. Masuni hawakutoka kwa Mashia, wala Mashia kwa Masuni. Mtume (s.a.w.) alifariki 632, na kabla hajazikwa swali likazuka Madina: nani aongoze? Wengi wakamkubali sahaba wake Abubakar, wengine wakamwona Ali, binamu na mkwe wake, ndiye mwenye haki; hao wa Ali ndio asili ya Mashia. Kitabu kimoja, kibla kimoja. Vitabu vya fikihi, yaani sheria za dini, vya pande hizi vilikuja baadaye sana. Na huyo "Papa wa Mashia" mbona hayupo? Muumini huchagua mujtahidi, yaani mwanazuoni mkubwa wa sheria, wa kumfuata, huyu wa Najaf kule Iraq, yule wa Qum kule Iran.

Ukitaka mgawanyiko wa Wakristo unaokaribia, tazama 1378. Makardinali walichagua Papa Roma, wakamgeuka, wakachagua mwingine aliyehamia Avignon. Uingereza ikamfuata wa Roma, Uskoti wa Avignon, misa ile ile. Mwaka 1409 wakaongeza wa tatu! Lakini ule uliisha 1417 alipochaguliwa Martin wa Tano. Wetu haukuisha, na sababu mimi naiona Karbala, kule Iraq. Mwaka 680 jeshi la khalifa Yazid lilimuua Hussein, mwana wa Ali na mjukuu wa Mtume, na watu wa nyumba yake. Hilo halikupatanishwa na mkutano wowote. Wafuasi wa Ali wakawa na msiba wa kuulilia kila mwezi wa Muharram, na msiba huo ndio uliowaunganisha kuliko hoja yoyote ya wanazuoni.

Urusi nako kulikuwa na mfano wa damu. Miaka ya 1650 Patriaki Nikon, mkuu wa Kanisa la Urusi, aliamuru watu wapige ishara ya msalaba kwa vidole vitatu badala ya viwili. Waliokataa walitengwa, na padri wao Avvakum akachomwa moto 1682. Ukiona vidole ni upuuzi, njoo usikilize watu wanavyogombana juu ya kufunga mikono au kuiachia katika sala! Mashia wanaiachia. Wamaliki wengi wanaiachia pia, nao ni Masuni. Na sisi Maibadhi tunaiachia, na si hawa wala wale.

Ndiyo, tupo. Masultani wa Zanzibar walikuwa Maibadhi, raia wengi Mashafii, yaani Masuni, na makadhi wakawekwa wa pande zote mbili. Marehemu mume wangu alikuwa Mshafii: alfajiri yeye anasoma dua ya kunuti, mimi sisomi, kisha tunakunywa chai. Mfano wa makanisa mawili unatufuta kabisa.

Orthodox_Riruta
Mama, asante. Nasi Waorthodoksi tunaambiwa tulitengana na Roma 1054, Kardinali Humbert alipoweka hati ya kumtenga Patriaki wa Konstantinopoli juu ya madhabahu ya Hagia Sophia. Lakini kinachouma wazee wetu ni 1204, wanajeshi wa msalaba walipoipora Konstantinopoli. Desemba 1965 Papa Paulo wa Sita na Patriaki Athenagoras walifuta laana zile. Komunyo bado kila mtu kwake.

Ithnaashari_Dar
Assalaam alaykum, na shikamoo Bi Mkubwa. Mengi nakubali, ila ukisema "nani aongoze" inasikika kama uchaguzi wa mwenyekiti. Kwetu Mashia uimamu, yaani uongozi wa umma baada ya Mtume, ni katika misingi ya dini, na Mtume alimtangaza Ali pale Ghadir Khum, njiani kati ya Makka na Madina. Masuni wanalijua tukio hilo, tunakhitilafiana alikusudia nini. Halafu Mashia nasi si kitu kimoja. Imam wetu wa sita, Jaafar Sadiq, alipofariki 765, Ismailia wakamfuata mwanawe Ismail na kizazi chake, sisi Ithnaashari tukashika maimamu kumi na wawili. Hapa Dar kuna Mahoja Ismailia na Mahoja Ithnaashari, mababu wa Gujarat wale wale.

BiMkubwa_Ngambo
Waalaykum salaam, marahaba. Mwanafunzi, liandike hilo: tukio moja, huyu analisoma kama tarehe, yule analisoma kama imani. Ndiyo maana hamsikilizani hata mkiwa na vitabu mkononi.

La mwisho, kasome ya wafalme. Iran ilikuwa na Masuni wengi mpaka Shah Ismail aliposhika Tabriz 1501 na kuufanya Ushia dini ya dola. Wajerumani nao, Augsburg 1555, walikubaliana kila mtawala achague Ukatoliki au Ulutheri kwa nchi yake. Ukiona ramani imepakwa rangi mbili usidhani kila kijiji kilikaa kikapima hoja. Jina lako linasema Machame: kwenu Walutheri, jirani zenu Kibosho Wakatoliki. Muulize babu yako ni wamisionari gani walitangulia kufika, na mangi gani aliwapokea.