Chama kipya cha siasa kinapenyaje kwenye vyombo vya habari?

Mwanakura:
Wakuu, habari za leo. Chama kina usajili, katiba na ilani ya kurasa 60. Kikiita waandishi wanakuja wawili watatu, na usiku hakuna kinachorushwa. Kwenye tafiti za maoni ya wapigakura kinazikwa kwenye kundi la "vyama vingine". Kianzie wapi?

Dawati la Habari:
Mkuu, ilani haipigwi picha. Mhariri anataka sura ya mtu au jambo lililotokea leo. Chama cha Podemos cha Hispania kilizaliwa Januari 2014, jina bado geni, lakini kiongozi wake Pablo Iglesias alishazoeleka kwenye mijadala ya televisheni. Wakaweka sura yake kwenye karatasi ya kura, na Mei wakapata viti 5 Bunge la Ulaya. Chama cha EFF cha Afrika Kusini, kilichoanzishwa 2013, kiliingia bungeni 2014 na wabunge 25 waliovaa ovaroli nyekundu na kofia ngumu za migodini. Hata aliyezima sauti ya televisheni alijua wanajinadi kuwa chama cha nani: cha wafanyakazi.

Kwa vitendo: mwaliko utoke siku moja kabla, utaje saa, mahali, msemaji na kitakachoonekana. Tukio liwe saa nne asubuhi. Likifika alasiri, picha hazihaririwi kwa wakati na taarifa ya usiku inakupita. Msemaji awe mmoja, na aandae kauli moja ya sekunde 15 inayojitegemea; akiongea dakika 40, atakatiwa kipande asichokitaka. Simu yake ipokelewe hata saa tatu usiku, maana muda huo mwandishi anasaka upande wa pili wa habari ya chama kikubwa. Nafasi nyingi za vyama vidogo hupatikana hapo, na wengi huzipoteza kwa simu iliyozimwa.

Kalamu Nzito:
Na jina lisiguswe. Februari 2019 wabunge wa Uingereza waliojitoa vyama vikubwa vya Labour na Conservative walitawala habari kwa siku kadhaa. Wakaanza kama The Independent Group, wakawa Change UK, na nembo yao ikakataliwa na Tume ya Uchaguzi. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Mei hawakupata kiti. Brexit Party, hoja yote ikiwa ndani ya jina (Brexit ni Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya), ikabeba 29.

Mwanakura:
Asanteni. Na hizo tafiti? Bila asilimia hatualikwi midahaloni, na bila midahalo asilimia haipandi.

Kalamu Nzito:
Ndiyo, huo mduara upo. Marekani, kwa miaka mingi, mdahalo wa urais ulidai wastani wa 15% kwenye tafiti tano. Msitawanye nguvu nchi nzima. Chagueni jimbo moja ambalo kamera zitakuwepo hata msipogombea. Delhi, India, 2013, Arvind Kejriwal, kiongozi wa chama kipya cha AAP, aligombea jimbo la waziri kiongozi aliyekuwa madarakani, Sheila Dikshit. Kila aliyeripoti habari za Dikshit alilazimika kumtaja mpinzani wake. Kejriwal alishinda, na chama cha mwaka mmoja, alama yake ufagio, kikapata viti 28 kati ya 70.