Kuhusu: Kiwanja cha Kibirizi kinachoshuka mpaka majini

Kutoka: Bint wa Rusimbi, Bergen

Ndugu zangu wa Kigoma popote mlipo, asalaam aleikum, na wakubwa shikamooni.

Nina jambo linaninyima usingizi. Mama mdogo alinipigia Jumapili: kuna kiwanja Kibirizi, mita ishirini kwa hamsini, kinashuka mpaka kwenye maji. Hewa ikiwa safi unakaa barazani jioni unaiona milima ya Congo. Mwenyewe anauza haraka kwa sababu ana mgonjwa, na dalali anasema kuna mtu wa Dar anakuja Ijumaa na pesa taslimu. Karatasi iliyopo ni ya mauziano, ina mhuri wa serikali ya mtaa. Hati hakuna, lakini dalali anasema eneo lile litapimwa.

Nina miaka kumi na moja hapa Norway, nahudumia wazee, na akiba yangu yote ni ya zamu za usiku. Nilifikiri nijenge kijumba changu mbele, na nyuma vyumba vya kupangisha, vinitunze nikirudi. Huku nyumba inayotazama maji hainunuliki kwa mtu kama mimi. Nikajiambia kwetu bado kuna unafuu, niwahi kabla reli mpya haijafika. Naomba mnieleze: Kibirizi siku hizi anaishi nani, wapangaji wapo, na bei inapanda kweli?

Kutoka: Mjukuu wa Kasingirima, Minneapolis

Dada yangu, waaleikum salaam. Ujumbe wako niliusoma kwenye basi nikienda kazini, nikaurudia saa ya chakula. Nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: Ijumaa ipite na pesa yako ungali nayo mkononi. Yule mtu wa Dar anayekuja Ijumaa niliambiwa habari zake mimi pia, mwaka 2018, na hakutokea.

Mwaka ule nilinunua Ujiji, kule chini karibu na ufuko. Nikapiga msingi, nikapandisha tofali za kuchoma mpaka kwenye lenta, kila mwezi nikituma kidogo. Mwaka 2020 kaka yangu akaanza kusema maji yamesogea. Nilidhani ni ya masika, yatarudi. Hayakurudi. Mwaka 2021 akanitumia picha ambayo sijaifuta hadi leo: fremu ya mlango wa sebule imesimama ndani ya maji, na mtumbwi wa mtu umefungwa kwenye nguzo ya baraza. Bati zilikuwa zimeshanunuliwa, tukawagawia ndugu. Mama alilia kwenye simu, nami sikuwa na la kumwambia.

Ndipo nikajifunza jambo ambalo wazee wetu walilijua tangu zamani. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie ng'ambo. Maji yanaingia kwa Malagarasi, kwa Ruzizi, kwa vijito visivyohesabika na kwa mvua yenyewe, na sehemu kubwa ya yanayotoka hayapiti hata Lukuga, yanakaushwa na jua. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, ziwa linapanda, na kushuka kwake ni kwa taratibu sana. Lilipanda miaka ya 1960, wazee wanaukumbuka sana mwaka 1964. Likapanda 2020 na 2021, na 2024 likaingia tena kwenye nyumba za watu, Bujumbura na kwetu.

Na linashuka pia. Nenda kwenye jumba la kumbukumbu Ujiji, pale walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Siku zile maji yalikuwa karibu na pale. Leo unashuka kwa miguu kitambo ndipo uufikie ufuko. Miaka michache baada ya wao kupita, ziwa lilizibua njia ya Lukuga likaanza kuteremka. Sisi tulioondoka nyumbani tukiwa vijana tunabeba kichwani ufuko wa mwaka tuliouacha, na ndio tunaoununua tukiwa huku.

Sasa chukua futi kamba. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wewe umesema ishirini kwa hamsini, na kinagusa maji. Hesabu mwenyewe: kiwanja chote, kuanzia mbele mpaka nyuma, kimo ndani ya hizo sitini. Dalali anaposema litapimwa, muulize nani atakayelipima na kwa matumizi gani. Mhuri wa mtaa unashuhudia kwamba fulani na fulani waliuziana. Hauna nguvu ya kuigeuza ardhi ya hifadhi iwe kiwanja cha makazi.

Kuna na habari ya choo, ambayo watu huona haya kuiuliza. Karibu na ziwa ukichimba kidogo tu unakuta maji. Shimo linajaa kutoka chini, masika ziwa likipanda shimo linafurika, na majirani wanachota maji hatua chache kutoka hapo. Kigoma tunakijua kipindupindu. Vyumba vya kupangisha bila choo cha uhakika utavipangisha kwa nani?

Hapo nafika kwenye swali lako la watu, maana ndilo wengi wetu hatuliulizi. Kibirizi ni bandari ya maboti. Wanaoishi kule wanaishi kwa dagaa, kwa maboti ya Gombe na vijiji vya kaskazini, kwa mizigo ya Burundi na Congo, kwa matangi ya mafuta. Ni Waha, Wabembe, Wamanyema, na watu wa ng'ambo wenye ndugu pande zote mbili za maji. Wachapakazi kweli, lakini riziki yao inafuata ziwa. Mwaka 2024 nchi nne zinazochangia Tanganyika zilifunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono, migebuka ilikuwa inakwisha. Ila kwa mwenye vyumba, miezi mitatu hiyo si midogo: mpangaji mvuvi anafunga mlango anarudi kijijini, au anabaki anakuomba subira. Na utampa subira, kwa sababu ni mtu wa watu na unamfahamu mama yake.

Halafu tazama sensa. Mwaka 2012 Manispaa ya Kigoma Ujiji ilihesabiwa watu 215,458. Mwaka 2022 ikahesabiwa 232,388. Ongezeko la watu 16,930 kwa miaka kumi, yaani hata asilimia 8 halifiki. Muda huohuo nchi nzima ilitoka watu milioni 44.9 ikafika milioni 61.7, zaidi ya asilimia 37. Mkoa wetu wote uliongezeka kwa kama asilimia 16. Maana yake, dada yangu, ni kwamba watoto wanazaliwa Kigoma kwa wingi na wakikua wanaondoka. Mimi na wewe ni sehemu ya hesabu hiyo. Mji wa namna hii bei ya kiwanja inaweza kupanda kwa sababu sisi wa nje tunagombania viwanja vilevile, lakini kodi ya chumba inalipwa na mtu anayeishi pale kwa kipato cha pale. Unaweza kumiliki kiwanja cha bei kubwa chenye chumba kisichopata mpangaji.

Reli nayo isikukimbize. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na naomba Mungu niione treni ile ikiingia. Lakini kumbuka reli ya kwanza. Ilifika mwaka 1914, na haikuinua kila mahali. Ilisimama Kigoma, biashara ikahamia Kigoma, na Ujiji iliyokuwa mji mkubwa wa misafara ikabaki nyuma. Babu yangu alikuwa akiionyesha kwa kidole kila nyumba iliyofungwa.

Ukiniuliza leo ningenunua wapi, ningepanda juu. Gungu, Businde, Buhanda, au hata Mwandiga, ingawa kule ni nje ya manispaa. Huioni Congo ukiwa barazani, lakini mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara wa mazao wanapanga huko, na mshahara wa mwalimu haufungwi tarehe 15 Mei. Angalia korongo tu. Milima yetu inakatika masika, na korongo la leo lenye upana wa hatua moja linaweza kuwa uani kwako baada ya miaka mitano.

La mwisho nalisema haraka. Norway iliruhusu uraia wa nchi mbili tangu 2020, Tanzania hairuhusu. Kama umeshachukua pasipoti ya huko, Sheria ya Ardhi ya 1999 inakuhesabu si raia, na kuandikisha kiwanja kwa jina lako si jambo la kawaida tena. Ulizia ubalozini Stockholm masharti ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Usifiche uraia, na usiandikishe kwa jina la binamu kwa maneno ya mdomo.

Kutoka: Mama Mwalimu, Ujiji

Wanangu, marahaba. Mimi nipo nyumbani, naandika kwa simu ya mjukuu.

Mwanangu wa Bergen, aliyokueleza kaka yako ni kweli tupu. Naongeza la mirathi, kwa sababu limenikuta nyumbani kwangu. Nyumba zetu za Ujiji ni za korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, na ua nyuma. Marehemu baba aliacha moja. Tulikuwa watoto tisa kwa mama wawili. Mmoja wetu aliiuza kimyakimya kwa mtu aliyekuwa Ulaya, karatasi ikapigwa mhuri, na yule kijana akatuma pesa zote. Alipokuja likizo alitukuta sisi wanane tumekaa barazani. Hakuna aliyemfukuza, tulimkaribisha chai, lakini nyumba haikuwa yake na pesa ilikuwa imeshaliwa. Tulikwenda mahakamani miaka minne. Sura ya kijana yule inaniumiza mpaka leo, kwani hakuwa na kosa zaidi ya kuamini.

Basi kabla hujauliza bei, uliza hiki kiwanja kilikuwa cha nani kabla ya huyu. Kama ni cha marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na muhtasari wa kikao cha familia uwepo. Kama ana mke, mke aridhie kwa maandishi. Wengine wanauza mke akiwa Kasulu kuvuna. Mama mdogo wako ni mtu mwema, namfahamu kwa jirani, lakini huruma ya mgonjwa imeingia kwenye bei. Tenganisheni hayo mawili.

Tena mama mdogo wako aende ofisi ya ardhi ya manispaa yeye mwenyewe na kijana mmoja anayesoma vizuri, bila dalali. Aulize kama eneo limepimwa, namba ya kitalu ni ipi, kwenye ramani ya mipango miji limepangiwa nini. Kiwanja kilichopimwa utalipa ushuru wa stempu wa asilimia moja na gharama nyingine, na kila mwaka kodi ya pango la ardhi. Watu wanaviona ghali. Mimi naona ghali ni miaka minne ya mahakama.

Na ukijenga, mwanangu, jenga ya kuishi kwanza. Hapa mtaani kwangu kuna nyumba tatu nzuri sana za watoto wa nje, marumaru, madirisha ya alumini, na ndani analala mlinzi tu. Mwenye nyumba mmoja alikufa hukohuko. Tunazifagilia uani kwa zamu ili nyoka wasiingie.

Kutoka: Bint wa Rusimbi, Bergen

Mama Mwalimu, shikamoo. Kaka, ahsante. Nilisoma majibu yenu nikiwa zamu, nikakaa chumba cha dawa dakika kumi nzima.

Jumatano mama mdogo alikwenda na binamu yangu na futi kamba. Kutoka ukingo wa maji mpaka mwembe ulio mwisho wa kiwanja ni mita arobaini na saba. Majirani wakamwonyesha na alama kwenye ukuta wa kibanda cha jirani, maji yalipofika 2021. Inampita binamu yangu magotini. Nimemwambia mama mdogo sinunui. Mwenye kiwanja hakukasirika, alisema mwenyewe alinunua kabla hajajua habari za mita sitini. Nimemtumia kidogo kwa ajili ya mgonjwa wake, na nimemwandikia wazi kwamba ni sadaka, si malipo ya kutangulizia kiwanja.

Uraia bado ninao wa nyumbani. Nilikuwa nijaze fomu ya huku mwezi ujao. Nimeiweka kando kwanza.

Kuna kiwanja kilichopimwa Businde ambacho mama mdogo ameambiwa na mwalimu mwenzake, cha mtu anayehamia Mwanza, na namba ya kitalu ninayo. Nani anashuka Kigoma Desemba hii? Namtafuta mtu wa kufuatana na mama mdogo ofisi ya ardhi, kisha apande naye mpaka kiwanjani baada ya mvua kubwa, amtazamie maji yanapita upande gani.