Tupeane uzoefu: unatambuaje aina za rangi za sikilidi wa maziwa yetu ndani ya tangi la nyumbani?

Ndugu wapenzi wa samaki wa mapambo, salaam. Nimeona ni vema tukusanye mahali pamoja yale ambayo kila mmoja wetu ameyashuhudia katika tangi lake, kwa kuwa swali hili halituishi: mtu analeta picha ya sikilidi (familia ya samaki wenye aina nyingi mno katika maziwa yetu) wa Ziwa Nyasa, Tanganyika au Victoria, anauliza ni wa aina ipi ya rangi, na majibu yanayotolewa yanapingana ingawa kila anayejibu anajiamini. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: rangi peke yake haitoshi kumtambulisha samaki, na anayetaja aina kabla ya kuuliza umri, jinsia na cheo cha samaki huyo ndani ya tangi anabahatisha.

Mimi nipo Dar es Salaam na ninafuga Metriaclima lombardoi, ambao asili yao ni Visiwa vya Mbenji na mwamba wa Nkhomo upande wa Malawi. Wageni wanaofika nyumbani hudhani nina aina mbili, moja ya buluu yenye milia myeusi na nyingine ya manjano, kumbe majike na vifaranga wote ni wa buluu na dume aliyekomaa ndiye anayegeuka manjano. Lililonifunza zaidi ni hili: dume la pili lilibaki na ubuluu uliofifia muda wote ambao dume kubwa lilikuwa likitawala mawe, na nilipolihamisha lile kubwa, hili la pili likaanza kuiva manjano bila mimi kubadili chakula, maji wala taa. Kama ningempiga picha kabla na baada ya hapo, nina hakika angepewa majina mawili. Karibuni.

Mchangiaji kutoka Kigoma

Asante sana ndugu mleta mada. Huku kwetu jambo linalotawala ni mahali samaki alipovuliwa. Tropheus, sikilidi wa Ziwa Tanganyika, hukaa kwenye miamba ya ufukweni akila mwani, na hapendi kukatiza eneo pana la mchanga wala mdomo wa mto, hivyo kila kipande cha mwamba kimejitenga kwa muda mrefu na kutokeza rangi yake. Ndiyo maana aina hizi huitwa kwa majina ya mahali, na ndiyo maana jina la mahali likishapotea njiani kati ya mvuvi na mfugaji, hakuna jicho litakaloweza kulirudisha kwa uhakika.

Nimekuza Tropheus duboisi wa Maswa, ambao wakikomaa huwa na kichwa cha buluu na mkanda mpana wa manjano nyuma yake. Wakiwa wadogo, hata hivyo, ni weusi wenye madoadoa meupe mwili mzima, sawasawa na wadogo wa duboisi wa sehemu nyingine ambao mkanda wao utakuja kuwa mweupe au mwembamba. Anayenunua wadogo ananunua neno la muuzaji. Mimi huandika jina la mahali juu ya kioo siku ileile samaki wanapofika, na sichanganyi Tropheus wa sehemu mbili katika tangi moja, kwa sababu huzaana na watoto wao hawana tena kwao.

Tahadhari nyingine ni ya Cyprichromis leptosoma. Katika kundi moja, kutoka sehemu moja, utakuta madume wenye mkia wa manjano na wengine wenye mkia wa buluu. Nimewaona watu wakiwatenga wakidhani ni aina mbili, ilhali ni kundi lilelile.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Ninaunga mkono hoja ya kaka wa Kigoma, ila kwa furu, yaani sikilidi wadogo wa Ziwa Victoria, ningetanguliza mwanga. Dume la Pundamilia nyererei, samaki aliyepewa jina la Mwalimu, lina wekundu mgongoni na manjano ubavuni, na ndugu yake Pundamilia pundamilia ni wa buluu ya kijivu. Majike wao karibu hawatofautiki. Kwenye maji maangavu, kama yale ya Kisiwa cha Makobe, jike huchagua dume kwa rangi na aina hizi mbili hubaki mbalimbali. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yanapochafuka rangi hazionekani vizuri, uchaguzi huo unalegea na aina zinachanganyika. Ndani zaidi ya Ghuba ya Mwanza, kwenye maji ya tope, wapo samaki wa katikati ambao huwezi kuwaweka upande wowote. Naumia kila ninapolieleza hili, maana kinachopotea hakirudi.

Kwa mfugaji, funzo ni kwamba taa ya buluu kali inaua wekundu wa nyererei na kumfanya aonekane mweusi. Mimi humtazama mchana kwa mwanga wa dirishani kabla ya kusema lolote.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Mimi nitasema juu ya mabaka. Kwa mbuna, yaani sikilidi wakaao miambani wa Ziwa Nyasa, kama Labeotropheus fuelleborni, rangi ya machungwa yenye mabaka meusi ni ya asili na hupatikana zaidi kwa majike, kwa kuwa jeni yake imeambatana na ile ya jinsia. Dume lenye mabaka ni nadra. Ukiona duka limejaa madume ya Aulonocara, sikilidi wengine wa Ziwa Nyasa, yenye mabaka, hao wametengenezwa na binadamu kwa kuchanganya uzao, na hakuna mwamba wowote ziwani unaoweza kutajwa kuwa kwao. Ni samaki wazuri na sina ugomvi na anayewafuga, mradi wasiuzwe kwa jina la mahali.

Vilevile Labidochromis caeruleus wa manjano huzaana kwa urahisi na Metriaclima estherae. Nikiona manjano inayoelekea machungwa, mwili mnene na milia hafifu ubavuni, simuuzi kwa mtu anayetaka kuzalisha.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Ndugu wa Kigoma, naomba utusaidie jambo moja: kwa Cyphotilapia, sikilidi wa Ziwa Tanganyika ambao wale wa kusini walitenganishwa mwaka 2003 kwa jina la gibberosa, unatofautishaje wa Kigoma na wa Burundi wakiwa bado wadogo? Wengine mnaoleta picha, tafadhali pigeni kwa ubavu, bila taa ya kamera, samaki akiwa ametulia siku kadhaa katika tangi lake, na mwandike umri wake na jina la mahali mlilopewa na aliyewauzia.