Miaka mitano ya udaktari, hakuna mwalimu hata mmoja aliyekaa akanitazama nikimhoji mgonjwa

Habari za jioni wakuu.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo naubandika ulivyo, mwenye kununa anune. Chuo sitakitaja, hospitali sitaitaja, na mnaonifahamu humu naomba mnisitiri, bado sijapata usajili wa kudumu.

Mimi ni intani, yaani daktari mhitimu niliye kwenye mafunzo ya vitendo hospitalini. Nimemaliza MD, shahada ya udaktari, miaka mitano kamili, bila kusapu (kurudia mtihani) hata somo moja. Sijisifu, nataka tu asije mtu na ule wimbo wa "wewe ulikuwa unadoji vipindi". Sikudoji. Nilikaa viti vya mbele na nilimeza kila nilichopewa. Mzunguko wa Krebs, ule wa seli kutengeneza nishati, naweza kuuchora nikiwa nasinzia. Mishipa ya fahamu ya mkono, ule utando wote wa kwapani, nilikuwa nauimba bafuni kama kwaya. Na katika semista zote kumi hakuna mwalimu aliyewahi kuvuta kiti, akakaa, akanitazama nikiongea na mgonjwa tangu "shikamoo" mpaka "ugua pole". Si kwamba ilitokea mara chache. Haikutokea.

Msichanganye na raundi. Raundi zilikuwepo, na tulisimama mpaka magoti yakalia. Lakini raundi inakwendaje? Jioni unakwenda kwa mgonjwa peke yako, unamhoji, unamkagua, unaandika. Asubuhi unasimama miguuni pa kitanda, wenzako 26 wamekuzunguka, unasoma ulichoandika kwa Kiingereza. Mwalimu anasahihisha mpangilio wako na Kiingereza chako. Kama ulichokisoma ndicho mgonjwa alichokuambia jana yake, hilo hakuna anayejua. Mgonjwa mwenyewe amelala pale katikati, anatazama midomo yetu, hajui kama anayeongelewa ni yeye.

Nitoe mfano. Mwaka wa tatu, mzee mmoja aliniambia, "Mjukuu wangu, chembe ya moyo inauma, nikila kidogo inatulia." Mimi nimesikia "moyo". Nikaandika maumivu ya kifua, kwa Kiingereza kilichonyooka. Asubuhi daktari bingwa akaniminya maswali ya mshtuko wa moyo, nikajibu yote, nikasifiwa mbele ya watu. Mzee akapelekwa kupimwa umeme wa moyo, akalipia mfukoni mwake. Aliyenizindua ni dada wa usafi aliyekuwa anapiga deki: "Dokta, chembe ya moyo si moyo. Ni hapa." Akajigusa pale chini ya kidari, tumbo linapoanzia. Mzee alikuwa na vidonda vya tumbo, na alikuwa ametueleza kila kitu tangu jioni ya kwanza kwa lugha ambayo bibi yangu angeielewa mara moja. Mwalimu angekuwepo pale kitandani jioni ile, angenishika bega na kosa lingeishia hapo. Badala yake nilipewa alama.

Na si hilo tu. Kuna kichomi. Kuna mama anayesema kiuno kinakatika, sisi tunaandika nyonga. Kuna miguu inayowaka moto usiku, ambayo kwa mgonjwa wa kisukari ni habari nzito sana, na mwanafunzi anaandika "homa". Tangu shule ya kwanza ya udaktari nchini ianze Dar es Salaam mwaka 1963, darasani ni Kiingereza, wodini ni Kiswahili, na huko vijijini ni Kisukuma, Kihehe, Kimakonde. Sawa, vitabu ni vya Kiingereza, sibishani na hilo. Ila katika miaka mitano sikupewa hata saa moja ya kufundishwa Kiswahili cha mgonjwa. Inachukuliwa kwamba tunakijua kwa sababu tumezaliwa nacho. Hatukijui.

Sasa niwapeleke kwenye usiku ulionifanya niandike haya.

Wiki yangu ya pili ya uintani, wodi ya wazazi, saa 9 usiku. Binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, kaletwa na bajaji. Presha 180 kwa 120, uso umevimba, na kabla sijamaliza kumuuliza jina akaanza kutetemeka mwili mzima. Kifafa cha mimba. Wakuu, mimi kifafa cha mimba nimekisoma. Nilijua dawa ni magnesiamu salfeti. Nilijua dozi ya kuanzia: gramu 4 kwenye mshipa, polepole, na gramu 5 kila tako. Nilijua hata ule utafiti wa nchi nyingi uliochapishwa mwaka 1995 ukaonyesha magnesiamu inazishinda diazepamu na fenitoini, dawa nyingine za degedege, kwa sababu ulitoka kwenye UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula. Nikatamka kwa sauti ya kidaktari: "Magnesiamu, gramu nne, mshipani."

Mkunga wa zamu akanipa kichupa na bomba la sindano.

Kichupa kimeandikwa asilimia 50, mililita 10. Nikakitazama. Gramu nne ni mililita ngapi humu? Inachomwa hivi hivi ilivyo kali, au inachanganywa? Na nini? Kiasi gani? Binti anatetemeka, mama yake analia mlangoni, na mimi mwenye A ya uzazi nimesimama nimeshika kichupa kama nimeokota yai la mamba.

Yule mkunga ni mama wa makamo, bado miaka michache astaafu. Mimi nikiwa bado nakumbuka utafiti, yeye alishamlaza binti kwa ubavu wa kushoto na kumwekea oksijeni. Akakichukua kichupa mkononi mwangu bila ukali wowote. "Vuta nane, ongeza maji kumi na mbili, unapata ishirini. Choma taratibu mwanangu, usiikimbize."

Nane na kumi na mbili. Hesabu ya darasa la pili! Miaka mitano, mkopo wa Bodi nitakaoulipa mpaka mvi ziote, na kitu chenyewe ni nane na kumi na mbili. Binti alipona, na mtoto pia. Nilikwenda chooni nikakaa huko dakika kumi.

Asubuhi nilipofika chumbani nikaitoa logibuku yangu ya mwaka wa tano, kile kitabu cha kusainiwa kila tendo ulilolifanya wodini. Ukurasa wa uzazi unasema nimechoma magnesiamu salfeti mara tatu, chini ya uangalizi. Sahihi tatu. Zote zilipigwa siku moja, kwenye korido, mwalimu akiwa anaongea na simu huku ameegemeza kitabu changu ukutani. Uongo ule niliuandika mimi kwa mkono wangu, nakiri. Darasa zima tuliandika, kwa sababu usipojaza hufanyi mtihani, na wodini mbele yako kuna wanafunzi wenzako, kuna wa stashahada, kuna maintani, kuna madaktari wanaosomea ubingwa, na mgonjwa ni mmoja. Nafasi ya mkono wako inapatikana saa ngapi?

Najua kuna atakayesema "mbona mlifanya OSCE". Tulifanya. Kwa wasioijua, ni ule mtihani wa kuzunguka vituo kengele ikilia, alioubuni Ronald Harden kule Dundee, Uskoti, ukachapishwa mwaka 1975, kwa nia njema kabisa ya kumpima mwanafunzi kwa anachokifanya. Kwetu "mgonjwa" alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyehongwa soda. Tulipewa dakika tano, mtahini macho kwenye karatasi anatia vema. Na tuliongea Kiingereza! Yeye Mngoni, mimi Mpare, tunaulizana kwa Kiingereza kifua kilianza kubana lini. Ukisema "habari, naitwa fulani, naomba ridhaa yako" alama unayo, hata ukiwa unautazama ukuta. Kama hiyo ndiyo kutazamwa, basi nimetazamwa.

Mwaka 1990 Mmarekani mmoja, George Miller, alieleza jambo hili la kumpima mwanafunzi wa udaktari kwa ngazi nne: mtu anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha, anafanya. Sisi tumepimwa ngazi mbili za chini mpaka zikang'aa. Na baraza la madaktari la Uingereza, hao hao tuliorithi mfumo wao, walitoa mwongozo mwaka 1993 wakitaka mzigo wa kukariri upunguzwe ili mwanafunzi ajifunze mambo mengine, mawasiliano na mgonjwa yakiwemo. 1993, wengi wetu hatujazaliwa. Sisi bado tunafukuzwa raundi kwa kusahau ishara ya ugonjwa ambao mwalimu mwenyewe ameuona vitabuni tu.

Kufukuzwa na kutukanwa sitaongelea sana, kila aliyepita huko anajua. Niliambiwa mimi ni hasara kwa wazazi wangu, mbele ya mgonjwa niliyekuwa namhudumia. Kesho yake mgonjwa yule akakataa nisimguse. Tuendelee.

Kuna jambo moja bado linaniumiza kuliko la kichupa. Kufikisha habari ya msiba. Mara ya kwanza nilitumwa mimi, kwa sababu wakubwa walikuwa chumba cha upasuaji. Mtoto wa miaka minne, malaria kali, alifika amechelewa. Nikatoka nje, nikamkuta mama amekaa kwenye benchi na kanga ya mtoto mapajani. Nikamwambia, "Mama, pole, tumempoteza." Hiyo "tumempoteza" niliitoa kwenye slaidi, nikaitafsiri kichwani neno kwa neno. Mama akanitazama. Akasema, "Mmempoteza vipi baba, si yupo humo ndani?"

Nikabaki mdomo wazi. Nesi mmoja wa zamu akatoka, akakaa naye pale benchini, akamshika mkono. Kwanza akamuuliza, "Mama, umekuja na nani hapa?" Shangazi akaitwa. Alipofika, nesi ndipo akasema, kwa sauti ya chini, mtoto amefariki. Kisha akanyamaza, akaacha walie. Hakuna kitabu changu chenye swali hilo la "umekuja na nani".

Nataka nini? Kila mzunguko wa wodi, mwalimu amtazame kila mwanafunzi mara mbili tu, mgonjwa halisi, Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho, kisha wakae kando dakika kumi. Wakunga na manesi wazoefu watambuliwe kuwa walimu na walipwe, maana kazi hiyo wanaifanya bure. Mitihani ipunguze magonjwa ya kitabuni. Na ile fildi ya jamii, ambayo tulizunguka kijijini kuhesabu vyoo na kujaza dodoso, igeuzwe tukae zahanati na kituo cha afya tukiona wagonjwa, kwa sababu ndiko Watanzania wengi wanakoanzia kutibiwa.

Walimu siwachukii. Najua bingwa mmoja ana kliniki, upasuaji, zamu na darasa lililofurika, na anapandishwa cheo kwa machapisho, si kwa kunitazama mimi nikihoji wagonjwa. Hilo ni la waliopanga vyeo, na wao pia wanasoma humu.

NYONGEZA, saa 5 usiku: Kuna mkuu kasema hata maumivu ya chembe ya moyo, kwa mzee, umeme wa moyo unafaa kupimwa, maana mshtuko wa moyo unaweza kujificha pale. Kweli kabisa mkuu, nakuunga mkono. Ila mimi sikumpima kwa kulijua hilo. Nilimpima kwa kutomwelewa.

NYONGEZA 2: "Sisi tulisoma hivyo hivyo na leo ni mabingwa." Sawa kaka, shikamoo. Ulijifunzia wapi ile nane na kumi na mbili, na nani alikuwa kitandani siku hiyo?

Naingia zamu kesho asubuhi, nitajibu nikitoka. Walimu wa vyuo vya udaktari mliomo humu, naomba mniandikie kitu kimoja tu: mara ya mwisho kumtazama mwanafunzi wako akimhoji mgonjwa mwanzo mpaka mwisho ilikuwa lini? Tarehe inatosha.