Pawatila ndogo ya bustani: namna ya kuitumia bila kuumia na kuihifadhi wakati wa kiangazi

Mkulima wa Mpunguzi

Ndugu zangu, habari za kazi. Mwezi uliopita nilinunua pawatila ndogo ya petroli iliyokwisha kutumika, yaani mashine ya kulimia yenye meno yanayozunguka, ile ambayo mtu hutembea nyuma yake akiwa ameshika mikono miwili, kwa ajili ya bustani na kupalilia kati ya mistari ya zabibu. Juzi meno yake yalinasa kipande cha waya kilichokuwa kimeanguka kutoka kwenye nguzo za mizabibu. Mpwa wangu aliachia klachi, kile kishikio kinachounganisha nguvu ya injini na meno, akainama na kuanza kuuvuta waya ule kwa vidole ilhali injini bado inanguruma. Nilipiga kelele akatoa mkono, na hakuumia, lakini tangu siku hiyo sina amani.

Naomba mnielekeze utaratibu sahihi wa kuitumia. Aidha, sina maji ya kumwagilia, kwa hiyo mvua zikiisha Aprili mashine haitakuwa na kazi hadi Desemba. Niihifadhi vipi? Kwa sasa inalala kwenye chumba tunachopikia.

Fundi wa Kizota

Pole kwa mshtuko, mwanangu. Kuachia klachi hakutoshi hata kidogo, kwa sababu waya wa klachi ukikwama, meno huendelea kuvutwa na injini. Zima injini, subiri meno yasimame kabisa, kisha chomoa waya wa plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha injini, na kuusogeza mbali na plagi yenyewe. Hapo ndipo mkono ukaribie meno, tena ukiwa na koleo na glavu nene, maana waya uliojikunja hufyatuka. Ni vyema zaidi kuutembea mstari mzima kabla ya kulima, ukiokota waya, mawe na matawi yaliyopogolewa.

Ninachokihofia kuliko vyote ni gia ya kurudi nyuma. Nimewahi kumwona kijana amebanwa kati ya mikono ya mashine na nguzo ya zabibu, huku meno yakisogea kuelekea miguuni mwake. Bahati yake injini ilizimika. Kwenye mistari finyu mimi huweka gia huru, injini isiiendeshe mashine, nikaisukuma kwa mkono. Vilevile udongo wetu ukikauka huwa mgumu kama tofali, meno hukataa kuingia na mashine huruka mbele ikikuvuta. Usishindane nayo: subiri mvua ilainishe ardhi, pita mara ya kwanza kwa kina kifupi, kisha uongeze unapopita mara ya pili.

Mama wa Hombolo

Naongeza kwamba anayeishika avae viatu vigumu vinavyofunika mguu wote, na asivae kanga wala nguo inayoning'inia. Watoto wasiruhusiwe kuifuata nyuma. Na tafadhali, kaka, itoe jikoni leo hii. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi kwenye moto, hata kama tenki limefungwa vizuri machoni pako.

Mkulima wa Kongwa

Kuhusu kiangazi, adui mkubwa ni petroli inayobaki ndani. Ikikaa miezi, sehemu nyepesi hupotea na kuacha utandu unaonata ambao huziba vitundu vya kabureta, sehemu inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Msimu ukifika unavuta kamba hadi bega linauma na injini haiwaki. Toa petroli tenkini injini ikiwa imepoa, kisha ukiwa nje, iwashe na kuiacha iungurume hadi izimike yenyewe kwa kukosa mafuta. Badilisha oili ingali na joto kidogo. Fungua plagi, tia kijiko kidogo cha oili safi kwenye tundu lake, vuta kamba taratibu mara mbili, kisha rudisha plagi bila kuunganisha waya wake.

Kwangua udongo wote kwenye meno na kuyapaka grisi, safisha chujio la hewa, kisha iweke mahali pakavu penye kufuli. Chungulia chini ya turubai mara kwa mara, kwani panya hupenda kujenga humo na kutafuna nyaya.

Mkulima wa Mpunguzi

Nawashukuru sana, mashine imehamia bandani jioni hii. Shikamoo, Mzee Fundi. Je, petroli nitakayoitoa niitunze hadi Desemba?

Fundi wa Kizota

Marahaba. Usiitunze. Kama injini yako ina sehemu ya kutilia oili iliyotengwa na tenki la petroli, petroli hiyo haikuchanganywa na kitu, basi ichuje na kuitia kwenye pikipiki uimalize ndani ya mwezi.